Allidina Visram: Tajiri wa rupia ambaye hakulalia fedha

Kama ulisoma Mombasa, ama una binamu aliyesoma huku, jina la Allidina Visram ulilisikia kabla hujajua kwamba lilikuwa la mtu. Kwako ni shule. Ni sare, ni mechi, ni vijana wanaong'ang'ania matatu jioni. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa kisiwa hiki, nimepita kando ya sanamu yake pale Treasury Square miaka nenda miaka rudi nikidhani ni afisa fulani wa Mwingereza. Nilikuja kumwangalia vizuri mwaka huu, na sababu ilikuwa bangili.

Bibi yangu alikuwa na bangili sita za dhahabu. Tano zimeondoka moja baada ya nyingine: paa la nyumba, hospitali, karo ya mamangu, na mbili za mwisho zikawa karo yangu ya chuo. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo unaweza kukisia ninavyojisikia nikizitaja hizo mbili. Sasa bibi, kwa sababu ni bibi, akaifungua ya sita kutoka kwenye pindo la leso akaniambia niende kwa sonara nikaipime, nikiona inafika nifungue kabiashara. Sonara wa Mji wa Kale akaisugua kwenye jiwe, akaiweka kwenye mizani, akanitajia bei. Wallahi nilishtuka. Sijatoka hata mlangoni, simu inaita. Ni rafiki yangu, ananiambia nisithubutu kufungua biashara, niuze bangili ninunue fedha kwenye programu ya simu, maana ati fedha sasa inapanda kushinda dhahabu.

Hapa nasema fedha yenyewe, madini yale meupe ya pete na mikufu. Nikitaka kusema zile za mfukoni nitasema pesa ama doo, tusichanganyane. Lakini si umeona? Lugha yetu haitofautishi. Wizara ya Fedha ni wizara ya madini meupe ukilifuata neno. Wazee wetu hawakuwa wanapamba maneno, pesa ya pwani hii ilikuwa fedha kweli, ya kung'ata kwa meno. Na mtu aliyeishi ndani ya fedha hiyo zaidi ya miaka 50, akafa akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki nzima, ndiye huyu wa sanamu. Nilikaa kwenye kivuli na bangili ya watu mfukoni, nikaanza kumsoma. Ilinichukua wiki tatu.

Visram alizaliwa mwaka wa 1851 katika kijiji cha Kera, jimbo la Kutch, magharibi mwa India, kwenye jamii ya Makhoja Waismailia. Kutch ni nchi kame, na wanaume wake walishazoea kupanda jahazi wakati wa kaskazi na kuja kutafuta riziki upande wetu. Mwaka wa 1863 alipanda na yeye. Alikuwa na miaka 12. Hebu fikiria mtoto wa gredi ya sita, bila mtaji, anashuka Bagamoyo, pwani ambayo leo ni ya Tanzania, na lugha hajui. Aliingia kwenye biashara ya familia ya Sewa Haji Paroo, watu waliokuwa wakipanga misafara ya kwenda bara: kukodisha wapagazi, kufunga mizigo, kupokea kilichorudi.

Na usidanganyike, kilichorudi hakikuwa asali na nta peke yake. Ilikuwa pembe za ndovu kwa mamia, zimebebwa mabegani mwa watu mwendo wa miezi. Bagamoyo ya miaka ile ilikuwa pia njia ya watumwa, hadi Sultani wa Zanzibar alipolazimishwa kufunga biashara hiyo ya baharini mwaka wa 1873. Huo ndio mji uliomfunza hesabu huyu kijana. Sisemi hivi kumhukumu mtoto wa miaka 12. Nasema ili ujue utajiri ulianzia wapi.

Hesabu zenyewe zilikuwa tatanishi. Ukienda bara, pesa ilikuwa kitambaa cha merikani na kaniki, shanga, na waya wa shaba. Mpagazi alilipwa posho ya kitambaa, naye akakata pande akanunulia chakula njiani. Lakini pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Mombasa, mtu mzito alihesabu kwa riale. Hii ilikuwa sarafu ya fedha ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, gramu 28, na mwaka umeandikwa 1780. Malkia alifariki mwaka huo huo, lakini sarafu yake iliendelea kuchapwa na tarehe ileile kwa zaidi ya karne nzima, kwa sababu Waarabu, Wahabeshi na Waswahili walikataa nyingine. Waliijua uzito, waliijua rangi, hawakuwa na haja na serikali iliyoitoa. Kama ungewauliza, wangekwambia hiyo ndiyo akiba: haiozi, haichomeki, na mfalme akipinduliwa haibadiliki.

Polepole riale ikasukumwa na rupia ya Kihindi. Rupia ilikuwa gramu 11.66, na katika kila sehemu 12, sehemu 11 zilikuwa fedha safi. Kwa kipimo cha sonara hiyo ni sawa na dhahabu ya karati 22, kama bangili ya bibi. Hata Mombasa ilipata yake: Kampuni ya Kiingereza iliyopewa ukanda wetu huu ilitoa rupia mwaka wa 1888 zenye jina la Mombasa limechongwa juu yake. Na zile senti ndogo za shaba za Kihindi, pice, ndizo zilizotuachia neno pesa.

Sasa njoo hapa, kwa sababu hapa ndipo yule rafiki yangu wa programu ya simu alipaswa kuwepo. Visram aliposhuka jahazini, aunsi moja ya fedha London ilikuwa kama pensi 60 za Kiingereza. Aunsi moja ya dhahabu ilinunua kama aunsi 15 na nusu za fedha, na uwiano huo ulikuwa umekaa miaka mingi hadi watu wakauona kama sheria ya Mungu. Kisha mambo yakageuka. Ujerumani, baada ya kuungana mwaka wa 1871, ikaacha fedha ikahamia dhahabu na kumwaga fedha yake sokoni. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Wakati huohuo Marekani ilikuwa inachimbua migodi mipya ya fedha milimani. Bei ikaanza kuteremka, na haikuteremka mwaka mmoja ikarudi, iliteremka karibu miaka 30. Kufikia 1899 aunsi ilikuwa chini ya pensi 30, na ili upate aunsi moja ya dhahabu ulihitaji zaidi ya 30 za fedha.

Weka hiyo kwa lugha ya Mji wa Kale. Bwana mmoja wa Ndia Kuu anazika jagi la riale chini ya sakafu mwaka wa 1870. Mwanawe analifukua 1899. Riale zote zipo, hakuna mwizi, hakuna kutu. Lakini kwa mtu anayenunua bidhaa za Ulaya, nusu ya jagi imeyeyuka ikiwa ardhini. Hakuna aliyemfanyia baba hila. Alikuwa sahihi kabisa kwamba fedha haiozi. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba bei yake inaamuliwa na watu wa Berlin na Nevada.

Visram alikuwa ndani ya bei hiyo kila siku ya ujana wake. Naona watu wakisimulia maisha yake kama hadithi ya bidii tu, kijana maskini akaamka mapema akawa tajiri. Bidii alikuwa nayo, sawa. Lakini wapagazi pia waliamka mapema. Mimi nilichokiona ni mtu ambaye hakukaa na fedha mkononi. Ilipita. Rupia iliyoingia asubuhi ilikuwa kitambaa kufikia jioni, kitambaa kikawa pembe, pembe ikauzwa, na mzunguko ukaanza tena. Na pale asipokuwa na rupia alitumia kitu ambacho pwani tunakiita mali kauli: anakupa bidhaa leo, unamlipa ukiuza, na kinachowafunga ni kauli tu. Vijana waliotoka Kutch bila kitu, kama yeye alivyotoka, alikuwa anawapa mali kauli na kuwatuma wakafungue duka mahali ambapo hapakuwa na duka.

Sewa Haji alifariki mwaka wa 1897, na biashara kubwa ya misafara ikaingia mikononi mwa Visram. Alishakuwa na matawi Dar es Salaam, Sadani na Ujiji. Mtu mwingine angetulia. Lakini upande wetu Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896, na mtu aliyetajirika kwa misafara ya miguu alielewa haraka kwamba gari la moshi litaua misafara. Mwisho wa karne alihamishia makao yake Mombasa.

Mombasa ya wakati huo jaribu kuiona. Kilindini bado haijawa bandari ya maana, shughuli yote iko Bandari ya Kale, majahazi yamebanana chini ya Fort Jesus. Ndia Kuu ndiyo barabara ya mji. Wakubwa wanasafiri kwenye vigari vya reli nyembamba vinavyosukumwa na watu, mteremko wanaachia, mlima wanasukuma. Benki ni moja, National Bank of India, iliyofungua hapa mwaka wa 1896 na ambayo uzao wake leo unaujua kwa jina la KCB. Na kila mwezi vibarua wa reli, ambao kwa jumla walifika kama 32,000 kutoka India pekee, wanalipwa rupia.

Rupia hizo zilitaka pa kwenda. Visram aliziwekea maduka. Reli ikisonga, duka lake linasonga, hadi Kisumu reli ilipofika ziwani Desemba 1901, na kuvuka hadi Uganda ambako alishatangulia. Unga, chumvi, sukari, kitambaa, taa. Pale ambapo benki haikuwepo, duka lake lilifanya kazi ya benki: afisa wa serikali aliye porini anaandika hundi, karani wa Visram anampa rupia, hesabu inamalizikia Mombasa. Unatambua hiki kitu? Ni wakala wa pesa kwa simu, bila simu. Kilichoifanya iwezekane ni kwamba watu waliamini jina.

Uganda ndiko alikoonyesha ujanja wake wote. Kule pesa ilikuwa simbi, zile kauri tunazookota ufukweni. Hadi leo Waganda wakisema pesa wanasema ensimbi. Kauri ilikuwa akiba nzuri mbali na bahari, kwa sababu ilikuwa adimu. Meli na reli zilipoanza kuzibeba kwa magunia, uadimu ukaisha, rupia moja ikataka simbi nyingi zaidi kila mwaka, mamia kwa mamia, na serikali ikaacha kuzipokea kwa kodi. Familia zilizokuwa na vikapu vya utajiri zikabaki na vikapu vya makombe. Kisha mkataba wa 1900 ukasema kila nyumba ilipe kodi ya rupia 3. Mkulima atatoa wapi rupia? Kwa Visram. Alinunua ngozi, simsim, baadaye pamba, akalipa kwa sarafu, na sarafu hizo hizo zikarudi dukani kwake ama zikaenda kwa mtoza kodi. Pande zote mbili za mto alikuwa na mtumbwi.

Unaweza kusema huo ni ujanja, ama ni unyonyaji, na mimi nadhani ni vyote viwili. Waganda wa wakati huo walimzoea kiasi kwamba wazungu walikuwa wakimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Alikuwa na matawi yapatayo 30. Faida hakuifungia kwenye kasha, aliitia kwenye mashine: viwanda vya kuchambua pamba, vya kukamua mafuta, vya soda, vya samani, vya kupasua mbao. Mamia ya makarani Wahindi walikuwa wanakula kwake. Na elewa kwamba huyu mtu angeweza kununua dhahabu. Sovereni za Kiingereza zilikuwa zinapatikana, na tangu mwisho wa miaka ya 1890 rupia 15 zilihesabiwa pauni moja. Alichagua mashine na watu.

Alikufa tarehe 30 Juni 1916, kwa homa aliyoipata katika safari ya kibiashara Kongo. Miaka 65 na bado anafuata bidhaa mwenyewe. Vita Vikuu vilikuwa vinawaka upande wa kusini, na hapa naomba ruhusa nichepuke kidogo, kwa sababu siwezi kuacha hii. Mwaka huohuo Wajerumani, wamezingirwa baharini na Waingereza na pesa zimewaishia, walitengeneza sarafu za dhahabu kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa za rupia 15, upande mmoja ndovu amesimama mbele ya mlima. Serikali ikiwa karibu kuanguka, karatasi yake hakuna anayeitaka, lakini dhahabu inapokelewa hata kama aliyeichapa anakimbia. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania.

Turudi Mombasa. Mwanawe Visram, Abdulrasul, alirithi kila kitu: maduka, viwanda, madeni ya kupokea, madeni ya kulipa, yote yameandikwa kwa rupia. Na ndipo rupia yenyewe ikaingia wazimu.

Vita vilikuwa vimeipandisha fedha. Ile aunsi iliyokuwa chini ya pensi 30 ilifika pensi 89 na nusu Februari 1920. Rupia, kwa kuwa ni fedha, ikapanda nayo. Mlowezi aliyekopa rupia 1,500 akijua anadaiwa pauni 100 aliamka akidaiwa zaidi bila kukopa tena. Kelele zikafika London. Serikali ikaamua rupia moja iwe shilingi 2 za Kiingereza, yaani 10 kwa pauni badala ya 15, na lile deni la pauni 100 likawa rasmi 150. Ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ikaleta sarafu mpya ya florini mwaka wa 1920, na haikumaliza hata miaka miwili ikaiondoa ikaleta shilingi, mbili kwa florini moja.

Nilikaa nikapiga hesabu ya fedha iliyokuwemo ndani, maana hii hakuna aliyenifundisha shuleni. Rupia ilikuwa na gramu 10.7 za fedha safi. Florini ilikuwa na uzito uleule lakini nusu tu ni fedha, gramu 5.8. Shilingi mbili za kwanza kwa pamoja, robo fedha, zilikuwa na gramu 3.9. Kwa sheria vyote vitatu vilikuwa na thamani ileile, mkate uleule dukani. Lakini mkononi mwa mama aliyezoea kumpelekea sonara rupia zake azigeuze vikuku, theluthi mbili ya fedha ilikuwa imeondoka.

Sasa wewe unaniambia, si basi yule aliyeficha rupia zake akakataa shilingi ndiye aliyeshinda? Subiri. Fedha ilipofika kileleni Februari 1920 haikukaa. Mwaka mmoja tu baadaye ilikuwa imerudi karibu na theluthi ya bei ile. Rupia ikaanguka India, wajanja wakaanza kuziingiza Kenya kwa magendo kwa sababu huku serikali bado inazipokea kwa shilingi 2, na mapema 1921 serikali ikafunga mlango: rupia si pesa halali tena. Walioumia zaidi ni Waafrika walioshika zile noti ndogo za rupia moja, watu wa mbali waliosikia habari ikiwa imechelewa. Mshahara wa jasho ukawa karatasi. Mwenye sarafu alibaki angalau na madini, ila kwa bei iliyoanguka.

Katika dhoruba hiyo, na bei za mazao zikiwa zimeporomoka baada ya vita, ndimo ilimozama kampuni ya Visram. Abdulrasul alifariki mwaka wa 1923. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni iliyokuwa benki ya watu wasio na benki haikuwepo. Siwezi kukwambia ni rupia iliyoiua. Nadhani iliumwa na mambo mengi, na kubwa ni kwamba mali kauli inakaa kwenye kauli ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa kaburini. Yule aliyekopeshwa Ujiji au Jinja alikuwa anamwogopa na kumheshimu Allidina. Daftari lilirithiwa, ile heshima haikurithiwa.

Kilichobaki ni kile Abdulrasul alichokitoa kabla hajafa: pesa za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya babake. Imekuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1920. Vijana wanaopita humo leo wengi wao ni wajukuu wa watu ambao wasingeruhusiwa kuingia ilipofunguliwa kwa ajili ya Wahindi. Sijui Visram angeonaje. Ila katika mali zake zote, hiyo ndiyo pekee unayoweza kuishika kwa mkono.

Na sisi na bangili yetu? Nimepiga hesabu nyingine. Shilingi ya Kenya ilipoanza mwaka wa 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na ushei, na dhahabu kwa bei rasmi ilikuwa dola 35 kwa aunsi, yaani kama shilingi 250. Mwaka wa 2025 aunsi ilipita dola 4,000, na dola ilikuwa kama shilingi 129. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki tano. Hakuna akaunti ya akiba ninayoijua iliyofanya hivyo, na bibi aliyanunua yake bila kusoma gazeti la biashara. Kwa mwanamke wa Mji wa Kale ambaye nyumba ni ya mume, shamba ni la kaka na benki inataka sahihi ya mwanamume, bangili ilikuwa mali ya pekee ambayo hakuna mtu aliyeweza kuigusa. Nilikuwa nadhani ni pambo. Nina aibu kidogo kukwambia.

Lakini nakuomba usinielewe vibaya ukakimbia kununua. Dhahabu hiyohiyo ilifika dola 850 mwaka wa 1980, na miaka 20 baadaye ilikuwa chini ya 300. Aliyenunua kileleni akiwa na miaka 25 alikuwa na mvi kabla hajaona pesa yake. Sonara anaponunua kutoka kwako analipa uzito na karati tu, ufundi uliolipia siku ya kwanza haurudi, na tena anapunguza. Dhahabu feki imejaa Nairobi kiasi kwamba imekuwa kazi ya watu. Na ile fedha ya kwenye programu ya simu, nilimuuliza rafiki yangu iko kabati gani, hakuwa na jibu. Nikamwambia basi hiyo ni mali kauli, na mimi simjui mwenye kauli.

Nilirudi kwa sonara wiki iliyopita, bila bangili, nikamuuliza kama amewahi kuona rupia za zamani. Akavuta droo. Alikuwa nazo nne, nyeusi kwa uzee, mfalme mmoja na malkia watatu. Akaniambia watu huzileta mara mojamoja kutoka kwenye makasha ya marehemu, na nyingi baba yake alikuwa akiziyeyusha kuwa vikuku. Moja aliniuzia. Akaipima kwanza, hakuangalia hata mwaka.

Nimeipeleka nyumbani, bibi ameifunga kwenye pindo moja na bangili. Ananiuliza biashara nimeamua gani. Nimemwambia anipe hadi mfungo sita.